Tofauti ya 270: shajara ya kuacha uhasibu na kurudi darasani

Mradi: kuacha uhasibu baada ya miaka 11, kusoma shahada ya uzamili ya takwimu, na kuhamia mji wenye chuo. Msimamizi wa mradi ni mimi. Mfadhili ni mimi huyohuyo, na ana masharti magumu. Naandika wiki yenye jambo. Isiyo na jambo naiacha ipite.

Wiki ya 1

Tumefunga hesabu za mwaka. Urari, yaani jedwali ambalo safu ya debiti (kushoto) na ya krediti (kulia) lazima zilingane, ulitugomea siku mbili: debiti imezidi krediti kwa 270. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua mkono unakimbilia wapi kwanza. Unaigawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizopinduliwa, kwa sababu ukiandika 63 badala ya 36, au 540 badala ya 450, kosa huwa kigawe cha 9 siku zote. 270 kwa 9 ni 30. Nikaanza kupekua vocha moja moja, na saa nne usiku nikaliona: stakabadhi inasema 360, krediti 360, debiti 630. Mwandiko ni wangu.

Zamani ningeshangilia. Safari hii nilibaki na vocha mkononi najiuliza kitu ambacho kimenisumbua mwaka mzima. Makosa ya namna hii hutokea mara ngapi? Yanazidi jioni? Wanaokosea zaidi ni wageni wa kazi au ni wazoefu wasiotazama tena wanachoandika? Hakuna hata moja ninalolipwa kulijibu. Nalipwa ili tofauti iwe sifuri, na ikishakuwa sifuri naruhusiwa kwenda kulala.

Nimefungua daftari hili kabla sijalala.

Wiki ya 2

Niweke kumbukumbu sawa: wazo lenyewe halikuanza wiki iliyopita. Lilianza miaka mitatu nyuma, mkaguzi mmoja kijana alipokuja ofisini, akaomba faili la malipo ya mwaka mzima, na badala ya kufungua vocha akahesabu tarakimu za mwanzo tu. Ngapi zinaanza na 1, ngapi na 2, hadi 9. Nikadhani anatupotezea muda.

Akanieleza. Ukichukua kundi kubwa la namba zilizotapakaa kutoka ndogo sana hadi kubwa sana, za malipo, za idadi ya watu, za urefu wa mito, zinazoanza na 1 hukaribia asilimia 30, zinazoanza na 2 asilimia 17.6, na zinazoanza na 9 hazifiki asilimia 5. Mwanafalaki Simon Newcomb aliligundua hilo mwaka 1881 kwa kuona kwamba kurasa za mwanzo za vitabu vya logi, majedwali ya kurahisishia kuzidisha, zimechakaa kuliko za mwisho. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford akalipima kwa namba zaidi ya 20,000, ndipo kanuni ikachukua jina lake.

Kwetu zilizoanza na 9 zilikuwa zaidi ya mara mbili ya matarajio. Mkaguzi hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Saini ya pili inahitajika kuanzia kiasi gani?" Kiasi hicho kilianza na 1 na sifuri zake. Watu walikuwa wanakata malipo yaishie chini kidogo ya mstari. Mimi nilizipitisha vocha hizo kwa mkono wangu, moja moja, na kila moja ilikuwa sahihi.

Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, nikisema kwa kutia chumvi kidogo.

Wiki ya 5

Bajeti. Sarafu sitaiandika humu. Nimegeuza kila kitu kuwa miezi, maana ndicho kipimo kinachoamua: ukikaa bila mshahara, fedha hii itakubeba miezi mingapi?

Akiba yote: miezi 14 kwa kubana. Kozi: miezi 24. Nikibana zaidi hadi siku ya kuondoka nitafika miezi 19. Pengo litazibwa na ufadhili, kazi ya msaidizi wa utafiti, au kuandikia watu vitabu vya hesabu usiku. Hilo la tatu nimeliwekea mstari mwekundu. Mtu haachi uhasibu kwa mlango wa mbele akaurudia kwa mlango wa nyuma.

Salio: miezi 14.

Wiki ya 9

Programu za uzamili karibu zote nilizozitazama zinataka mambo matatu: kalkulasi hadi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, na utangulizi wa nadharia ya uwezekano. Kalkulasi niliigusa mara ya mwisho miaka 14 iliyopita. Aljebra ya mstari sijaisoma kabisa, kwa hiyo nimejiandikisha kozi ya jioni. Kalkulasi najifundisha mwenyewe, saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili, kabla sijajiandaa kwenda kazini.

Tatizo si kalkulasi. Nilihesabu makosa yangu katika maswali 100: yako 41, na 23 kati ya hayo ni alama ya kutoa iliyopotea nilipofungua mabano. Yaani kinachonikwamisha ni aljebra ya sekondari. Kinyambuo nakielewa vizuri tu, kisha nakiharibu kwa alama. Inauma kukosea alama ya kutoa ukiwa umeishi nayo miaka 11, ila ofisini nilikuwa na safu mbili za kunishikia: kinachotoka kinakwenda upande wake, na alama hakuna anayeiandika.

Wiki ya 14

Hii ndiyo wiki niliyokuwa naisubiri bila kujua.

Kila mhasibu amesikia habari za Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko ambaye kitabu chake cha hisabati kilipigwa chapa Venice mwaka 1494. Ndani yake mna sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala mara mbili. Hakuuvumbua mfumo, aliueleza, na maelezo yake ndiyo yaliyosambaa. Hilo tulifundishwa. Ambalo hatukufundishwa, nami nimelikuta alfajiri katika kitabu cha uwezekano, ni kwamba kitabu kilekile cha Pacioli kina fumbo la mchezo uliokatizwa.

Fumbo lenyewe, kwa namba zangu: wawili wanacheza, wa kwanza kufikisha ushindi mara 6 anachukua dau lote. Mchezo unavunjika mmoja akiwa na 5 na mwenzake 3. Dau ligawanywe vipi? Pacioli alijibu kimhasibu: tazama vitabu. Huyu ana 5, yule ana 3, gawa kwa uwiano wa 5 kwa 3.

Jibu hilo lina kasoro, na watu walilizungukazunguka hadi mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua. Wao waliuliza kilichobaki. Mwenye 5 anahitaji ushindi mmoja tu. Mwenye 3 anahitaji mitatu mfululizo, na kama nguvu zao ni sawa, nafasi yake ni nusu ya nusu ya nusu, yaani 1 kati ya 8. Basi gawa 7 kwa 1. Zile 5 na 3 hazina kazi nyingine ila kutueleza kila mmoja amebakiza nini.

Jioni yake nilimpigia mama kumweleza habari ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeliahirisha mwezi mzima.

"Mwanangu, miaka kumi na mmoja yote unaimwaga?"

"Mama, siimwagi."

"Haya, inakwenda wapi?"

Nikamweleza Pacioli. Nikamweleza barua za Pascal na Fermat, kwamba hesabu haifanywi kwa raundi ulizoshinda bali kwa zilizobaki. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, nami nikajiona nimetoa hoja ya maana. Kisha akauliza:

"Na wewe katika mchezo huo ni yupi? Mwenye tano au mwenye tatu?"

Wiki ya 17

Barua tatu za mapendekezo. Ya kwanza ya mkuu wangu wa idara. Ameiandika kwa moyo safi na inasema mimi ni mwaminifu kwa fedha, sifa ambayo kamati ya takwimu haijaiomba. Ya pili ya mwalimu wa kozi ya jioni. Ya tatu ya mhadhiri wangu wa zamani, ambaye ilibidi nimkumbushe mimi ni nani kwa kumwambia nilikaa wapi darasani. Ushauri kwa atakayepita njia hii: usimwombe mtu barua kwa mstari mmoja. Mtumie matokeo yako, rasimu ya barua yako ya kujieleza, tarehe ya mwisho, na mambo mawili ambayo yeye peke yake ndiye anayeweza kuyashuhudia. Nilipofanya hivyo, yule aliyenisahau ndiye aliyejibu siku ileile.

Nakala rasmi ya matokeo kutoka chuo nilichosomea imechukua wiki sita. Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kukaa kwenye benchi lile.

Wiki ya 19

Barua ya kujieleza, rasimu ya nne. Rasimu ya kwanza ilianza na jinsi nilivyopenda namba utotoni. Rafiki yangu anayesomea uzamivu aliirudisha na mstari juu ya aya nzima: "Kila mwombaji alipenda namba utotoni. Wewe una kitu ambacho hawana, mbona umekificha ukurasa wa pili?" Alimaanisha zile vocha zilizoanza na 9.

Sasa barua inaanza na mkaguzi na tarakimu zake, inakwenda moja kwa moja kwenye maswali niliyoshindwa kuyajibu kwa leja, kisha inataja nataka kusoma nini na kwa nini pale. Utoto haumo. Alama mbili mbaya za zamani nimezieleza kwa sentensi moja, bila kulia.

Nimetuma maombi sita. Salio: miezi 16.

Wiki ya 20 hadi ya 30

Nimesubiri.

La kuandika ni moja. Katika kusubiri nilianza kupanga vyuo kwa asilimia ya wanaokubaliwa, ili nijipe moyo, hadi kozi ya jioni iliponikutanisha na takwimu za udahili wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, za mwaka 1973. Kwa jumla walikubaliwa asilimia 44 hivi ya wanaume na asilimia 35 ya wanawake. Inaonekana dhahiri kuna upendeleo. Ukifungua idara mojamoja picha inabadilika: katika idara nyingi tofauti inayeyuka, na baadhi zinawaelemea wanawake kidogo kwa wema. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ngumu kuingia kwa yeyote yule. Jumla inaweza kusema hivi na sehemu zake zote zikasema vile. Nimefuta orodha yangu.

Wiki ya 31

Majibu: watatu wamekataa, mmoja kanyamaza, wawili wamekubali. Kati ya hao wawili, mmoja ana jina kubwa bila fedha. Wa pili jina lake ni la kawaida, ila ananifutia ada na kunipa kazi ya msaidizi wa utafiti itakayolipa nusu ya gharama za kuishi.

Nimekaa na majibu hayo siku tatu, kwa heshima ya jina kubwa. Siku ya nne nimechagua fedha. Jina kubwa lingenimaliza akiba kabla ya mwaka wa pili, na mtu anayehesabu siku za kufilisika hasomi.

Wiki ya 38

Nimetoa notisi. Mkuu wangu alisoma barua, akaikunja, akasema, "Kiti chako hakitakaa wazi, unalijua hilo." Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia nalijua.

Kukabidhi ofisi kumechukua siku tisa: funguo, mihuri, nywila, malipo yanayosubiri, wateja wanaochelewesha, na wale wanaosema wamelipa. Kijana aliyeshika nafasi yangu ana kichwa chepesi. Nilipomfundisha hila ya kugawa kwa 9 akauliza:

"Kaka, hiyo tisa inatoka wapi?"

Miaka 11 nimeitumia hila hiyo na hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikujiuliza. Nikachukua karatasi. Namba yenye tarakimu mbili ni 10a + b. Ukiipindua ni 10b + a. Toa ya pili kwenye ya kwanza: 9a − 9b, yaani 9(a − b). Tisa imekaa hapo nje ya mabano, wazi kabisa. Na alama za kutoa sikuzipoteza.

Kijana akasema, "Kumbe!" Mimi nilisema hivyohivyo, moyoni.

Wiki ya 43

Kutafuta chumba katika mji nisioujua. Nilikwenda kwa siku mbili nikiwa na miadi ya vyumba kumi, na kwa kuwa nimeshaonja uwezekano, nikataka kutumia kanuni. Ipo: ukiletewa machaguo kumi mojamoja, na kila uliloliacha limekwenda, tazama matatu ya kwanza bila kuchukua, kisha chukua la kwanza linaloyapita yote yaliyotangulia. Ukifuata hivyo, nafasi ya kupata bora kuliko yote ni karibu 40 kati ya 100, na hakuna mbinu nyingine inayokuzidi.

Chumba cha pili kilikuwa na dirisha la mashariki, meza, maji ya uhakika, na mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu hadi maktaba. Dalali akasema, "Bosi, hiki hakilali." Nikamwambia bado natazama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Hakikulala kweli. Nilimaliza vyote kumi bila kupata cha kukipita, nikachukua cha mwisho kama kanuni inavyolazimisha. Kina dirisha linalotazama ukuta. Kanuni haikukosea, mara 60 kati ya 100 unakikosa kilicho bora kuliko vyote, na hilo nililisoma nikalipita haraka.

Wiki ya 45

Nimehama. Mabegi mawili na boksi la vitabu. Meza yangu ya kazi ya nyumbani niliiuza siku ya mwisho, na aliyeinunua alipoigeuza kuipakia nikaona mahali nilipokuwa nikipigia kalamu nikitafuta tofauti: kidimbwi cha vitobo vidogo, upande wa kulia.

Siku ya kwanza nilipanda basi la upande usio wangu, nikafika mwisho wa njia. Dereva alipozima injini ndipo nikauliza. Siku ya pili hivyohivyo, ila niligutuka kituo kimoja kabla.

Kilichonipata kwa ghafla zaidi ni ukimya wa simu. Leo ni mwisho wa mwezi. Kwa miaka 11 siku kama ya leo simu yangu haijawahi kupoa hadi usiku. Leo imelia mara moja: mama, anauliza kama nimepata godoro.

Salio baada ya kuhama: miezi 17.

Wiki ya 46

Darasa la kwanza. Tuko 22. Nilipoingia, wanafunzi wawili waliokaa mbele waliinuka nusu, "Shikamoo." Wamenidhania mhadhiri. Nikaitikia marahaba, nikaenda kukaa nyuma yao, tukabaki tunaoneana haya sote watatu. Mhadhiri halisi aliingia dakika tano baadaye na ni mdogo kwangu kwa miaka kama minne. Tumekubaliana bila kuzungumza kwamba mimi namwita Daktari na yeye ananiita kaka.

Ubao ulijaa herufi za Kigiriki ndani ya robo saa. Nilikopi zote. Sikuelewa hata robo.

Wiki ya 49

Leo nusura nifunge kompyuta niondoke. Tunatumia R, programu ya kompyuta ya takwimu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman miaka ya 1990. Mwalimu wa maabara akatuambia tuandike: 0.1 + 0.2 == 0.3. Maana yake, je, ni sawa?

Kompyuta ikajibu FALSE, si kweli.

Vijana wakacheka. Mimi nilishikwa na kitu kama hofu ya Mungu. Nimefunga vitabu kwa kompyuta maisha yangu yote. Sababu, kumbe, ni kwamba mashine inahifadhi namba kwa msingi wa 2, na 0.1 kwa msingi huo haina mwisho, kama 1 gawa kwa 3 ilivyo kwetu. Mahali fulani inakatwa. Jumla inayotoka inapita 0.3 kwa kiasi kidogo mno, tarakimu ya kumi na saba baada ya nukta. Katika takwimu huulizi kama namba mbili za namna hiyo ni sawa. Unauliza kama zimekaribiana vya kutosha, na wewe ndiwe unayesema "vya kutosha" ni kiasi gani.

Nililirudia usiku kwenye chumba cha dirisha la ukuta. FALSE. Nikalirudia tena.

Wiki ya 52

Mambo mawili mabaya, nitayaandika yote.

Mtihani wa kwanza: 48 kati ya 100. Hesabu nyingi zilikuwa sahihi. Nilipoulizwa makadirio ya wastani nilitoa namba moja, hadi desimali nne, nikaipigia mistari miwili chini kama tunavyofanya kwenye mizania. Pembeni mhadhiri ameandika kwa wino mwekundu: "Namba moja tu? Shaka yako iko wapi?" Alitaka kipindi, kuanzia hapa hadi pale, na kiwango cha kukiamini. Sikuwahi kuombwa shaka kazini. Ukiwa na shaka kazini unarudi mezani hadi iishe.

La pili ni zito. Kwenye kazi ya usaidizi nilipewa faili la utafiti wa kaya nilisafishe. Nilijiona nyumbani: nimetoa kumbukumbu zilizojirudia 31, nimesawazisha tarehe, kazi safi. Kisha nikakuta kaya moja ambayo wakazi waliotajwa mmojammoja ni 8 na safu ya jumla inasema 11. Nikabadilisha 11 ikawa 8. Ikalingana. Nikaendelea.

Profesa aliniita. Alikuwa mpole, ndiyo maana nilitamani ardhi ipasuke. "Hao watatu ni akina nani?" Nikasema huenda ni kosa la kuandika. "Huenda. Au ni wageni, au ni watoto ambao aliyehojiwa hakutaka kuwataja majina, au ni waliofariki mwaka huo. Sasa hatutajua, kwa sababu umewafuta."

Aliporudisha faili la awali nilikaa kimya muda mrefu. Kinachonisuta ni kwamba hata uhasibu haukunifundisha hivyo. Mhasibu hafuti. Ukikosea unaandika ingizo la kusahihisha, la zamani linabaki palepale lisomeke. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nilichofanya ni kuitaka sifuri kiasi cha kusahau kazi yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo faili la awali siligusi. Kila badiliko naliandika kama amri katika faili la pembeni, na sababu yake, tarehe, na jina langu. Profesa alilipitia akasema hajawahi kuona msaidizi anayeandika kumbukumbu namna hiyo. Nikamwambia hiyo ndiyo jarida ya ingizo, daftari la wahasibu la kuandikia kila muamala kwa tarehe, tunayo tangu Venice.

Wiki ya 56

Jumapili ya upweke, nimesoma habari za William Gosset. Alikuwa mkemia kwenye kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na shida yake ilikuwa ya kazini: sampuli zilikuwa chache, na mbinu za wakati ule zilitaka nyingi. Mwaka 1906 akahamia London kwa muda wa kama mwaka mmoja kusoma na Karl Pearson. Mwaka 1908 akachapisha jibu lake kwa jina la kujificha, "Student", yaani mwanafunzi, nalo ndilo jaribio la t tunalofundishwa wiki hii. Alikuwa na miaka 30 alipoondoka Dublin. Nimemzidi.

Nilichopenda ni kwamba swali alikwenda nalo mwenyewe. London ilimpa zana tu.

Wiki ya 57

Rigresheni, yaani kukisia kitu kimoja kwa kutumia vingine. Tumechora mchoro wa mabaki: umbali kati ya kile modeli ilichokisia na kile kilichotokea kweli, nukta kwa nukta. Nilisubiri tufundishwe kuyaondoa. Hayaondolewi. Yanatazamwa. Yakitapakaa ovyo juu na chini ya sifuri, modeli imefanya kazi yake. Yakijikunja au yakipanuka kama faneli, kuna kitu hujakisikia. Na yakiwa sifuri yote, kwenye data ya watu halisi, shika kichwa: aidha umekosea, au kuna mtu amezipika.

Mtihani wa pili: 71. Kila jibu limekwenda na shaka yake.

Kijana mmoja wa wale wa shikamoo amekuja kuniomba nimweleze debiti na krediti, ana ndugu anayefungua biashara. Tumekaa maktaba saa mbili. Nilipofika kwenye hila ya 9 alinikatiza, akaandika 10a + b mwenyewe.

Wiki ya 60

Nimefunga hesabu za muhula. Mpango ulisema leo salio liwe miezi 15 na siku 8. Nimehesabu mara mbili: ni miezi 15 na siku 4.

Mama amepiga nikiwa katikati ya hesabu. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake la siku ile, mimi ni mwenye tatu. Akasema, "Hilo nalijua. Umeshinda ngapi tangu uende huko?" Nikamwambia moja, pengine moja na nusu. Akasema nusu haipo kwenye mchezo.

Tofauti: siku 4. Haigawanyiki kwa 9. Stakabadhi zote zimo kwenye bahasha, mezani, mbele ya dirisha la ukuta, na saa ni tatu tu usiku. Nimeiandika chini ya safu yake, pembeni nikaweka neno "mabaki", nikazima taa.